Sura ya Saba: Dizeli Kuukuu Mbele ya Mkaguzi

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa ameshika chupa ya plastiki, ya aina ile inayouzwa na maji ya kunywa. Ndani yake hamkuwa na maji. Mlikuwa na masizi meusi ya magari ya dizeli, na Ishihara, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa riwaya na alijua namna ya kuteka hadhira, aliitikisa chupa hiyo kamera zikimwangalia. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Oktoba 2003, Tokyo pamoja na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa zilianza kuyapiga marufuku malori, mabasi na magari ya mizigo ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi. Gari lilipewa miaka saba tangu lisajiliwe. Miaka hiyo ikiisha, mwenyewe alitakiwa kulifungia chujio la masizi, kulibadilisha, au kuliondoa barabarani.

Mengi yaliondoka, na barabara ya kuondokea ilikuwa bahari. Mengine yalipitia Dubai kwanza, yakaoshwa na kupangwa kwenye yadi, kisha yakateremshwa Mombasa au Dar es Salaam. Hiace ambayo Japani iliiona imemaliza muda wake ilipewa viti vya ziada, ikaandikwa jina la njia ubavuni, ikaanza maisha mapya kati ya Tanga na Muheza.

Kwa hiyo mwenye dizeli kuukuu wa Afrika Mashariki anaanza safari yake na gari ambalo limeshakataliwa mahali. Hilo si jambo la kumtia hofu. Lililokataliwa Tokyo ni moshi wake kwa kipimo cha jiji lile. Ubovu ni habari nyingine, na sehemu kubwa ya ubovu unaokutwa kwenye magari haya umeingia yakiwa tayari mikononi mwetu.

Injini zenyewe mafundi wanazitaja kwa namba na herufi: 2L, 3L na 5L za Toyota, TD27 ya Nissan iliyozibeba matatu za Kenya kwa miaka mingi, na 1HZ ya Land Cruiser. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa kuchukuliwa mfano. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, haina kompyuta. Hewa inabanwa zaidi ya mara 22 hadi inapata moto wa kutosha kuiwasha dizeli bila cheche yoyote. Nozeli zake hufunguka kwa presha inayokaribia bar 150, wakati injini za dizeli za leo hupuliza mafuta kwa bar 1,600 hadi 2,000 na kupita hapo. Tofauti hiyo ndiyo siri ya uvumilivu wake. Nozeli ya presha ndogo hustahimili kiasi fulani cha uchafu ambao ungeiua ile ya kisasa ndani ya wiki, na fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, anaweza kuifungua, kuipima kwa pampu ya mkono na kuona kwa macho kama inapuliza ukungu au inadondosha matone.

Uvumilivu huo umewadanganya wengi. Watu hupenda kumtaja dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliyeiendesha Mercedes 240 D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6 kabla ya kuikabidhi kwa kampuni yenyewe mwaka 2004. Kisa hicho kinasimuliwa kama ushahidi kwamba dizeli haifi. Kinachoachwa ni kwamba hakuzimaliza kilomita hizo kwa injini moja: alikuwa na injini za akiba, moja ikishushwa na kutengenezwa nyingine inafanya kazi. Gari lilidumu kwa sababu mwenyewe hakusubiri lilie.

Mkaguzi anapowasha dizeli kuukuu, moshi ndio unaotangulia kusema, na rangi yake ina maana. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyaunguza yote, au yaliyoingia kwa matone makubwa badala ya ukungu. Chanzo kinaweza kuwa filta ya hewa iliyojaa vumbi, nozeli zilizochoka, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi, au mzigo tu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi unatoka kwenye ringi zilizolika au mpira wa valvu. Moshi mweupe una baba wawili. Ukiwasha macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta yanatoka bila kuwaka: hita plagi zimekufa, taimingi imechelewa, au kompresheni imeshuka. Usipowasha macho na ukatoweka upesi hewani, huku maji ya rejeta yakipungua kila siku, huo ni mvuke, na fundi atafute gasketi au ufa wa silinda hedi. Injini ya 2L-T, ile 2L iliyofungwa tabo, ina sifa mbaya sana kwenye jambo hili la mwisho.

Rangi hizo hurithishana. Filta ya hewa iliyochanika hupitisha vumbi, vumbi husaga ringi na silinda taratibu, na gari lililokuwa likitoa moshi mweusi kidogo mlimani baada ya miaka miwili linatoa wa buluu tambarare. Kwenye barabara za vumbi filta hupulizwa kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa wastani, maana presha kali huitoboa karatasi. Baada ya kupulizwa mara kadhaa hutupwa. Filta mpya ya hewa ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika gari zima. Kushusha injini kubadilisha ringi ni miongoni mwa kazi za bei kubwa. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule aliyeibania bei ya filta ndiye huuza mbuzi kulipia ringi.

Kuna desturi nyingine ya gereji zetu inayostahili kukemewa wazi: kung'oa thamostati. Gari likichemsha mara moja, fundi huitoa kabisa, maji yazunguke muda wote, na mwenye gari huondoka akiona mshale wa joto umelala chini. Mshale umelala kwa sababu injini haifikii joto lake la kazi. Dizeli iliyo baridi haiungui yote, hunywa mafuta zaidi, hutoa moshi, na oili hujaa masizi. Chanzo cha kuchemsha, ambacho huwa ni rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, kinabaki palepale. Tiba ni kusafisha rejeta, kuweka kuleanti na kurudisha thamostati mpya.

Oili nayo ina mtego wake. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si dalili ya ubovu. Kazi yake mojawapo ni kuyabeba masizi yasigande ndani. Lakini 1HZ inakunywa zaidi ya lita 9 kwa mara moja, na wingi huo huwafanya watu waongezee juu badala ya kumwaga yote, au wanunue oili ya injini ya petroli iliyo nafuu. Oili iliyotengenezwa kwa dizeli, pamoja na filta yake, kila kilomita 5,000 kwenye vumbi na mizigo, ndiyo ratiba ambayo mafundi wengi wazoefu huishikilia.

Kisha kuna mafuta yenyewe. Miaka ya nyuma mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na tofauti hiyo ikawa biashara: yalichanganywa na dizeli na kuuzwa kwa bei ya dizeli. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji ife. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa. Kwa mwenye dizeli kuukuu hili halikuwa suala la kodi. Pampu zinazogawa mafuta kwenye injini hizi hazina oili yake. Vyuma vyake vya ndani hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha, na pampu iliyonyweshwa mchanganyiko kwa muda hulika kimya kimya mpaka siku injini inapokataa kuwaka ikiwa ya moto.

Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Masizi yalipungua na mapafu yakapata nafuu. Adui aliyebaki ni maji. Tangi kuukuu lina kutu, usiku hewa ya ndani hutoa jasho, na maji huteremka chini hadi kwenye filta ya dizeli. Chini ya filta nyingi kuna kifungo cha kumwagia maji hayo. Dakika mbili kila wiki zinatosha, na ikibidi kutoa hewa baada ya hapo, pampu ndogo ya mkono iko juu ya filta hiyohiyo.

Ukaguzi wa vyombo vinavyoweza kuua haukuanza na magari. Mwaka 1865 boila la mvuke lililipuka kwenye kiwanda cha bia mjini Mannheim, Ujerumani. Mwaka uliofuata wenye viwanda wa mji huo walianzisha wenyewe chama cha kuyakagua maboila yao, na kutoka kwenye vyama vya namna hiyo vikazaliwa vyombo vya TÜV ambavyo leo hupima magari ya Wajerumani kila baada ya miaka miwili. Waliouanzisha ukaguzi ndio waliokuwa na hasara ya kuogopa. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: ukaguzi umeshuka kutoka juu, na mwenye gari huuona kama kodi nyingine.

Ndiyo sababu ukaguzi humkuta hajajiandaa. Mwanzoni mwa Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kazi Kenya, matatu zilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya abiria na mstari wa njano ubavuni. Tarehe ilikuwa imetangazwa miezi kabla. Hata hivyo siku ya kwanza magari mengi hayakuwa tayari, na watu wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu. Tanzania hali hiyo huonekana kila inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani: gereji hujaa, tairi nzuri huazimwa kutoka gari la ndugu, taa zilizokufa tangu mwaka jana hufufuka. Stika ya ukaguzi inayopatikana hivyo inathibitisha kwamba gari lilikuwa zima asubuhi moja. Uganda ilichukua njia nyingine, ikapitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Umri ni rahisi kuupima kuliko uzima, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa kipimo hicho.

Uingereza inatoa somo zuri zaidi. Ukaguzi wake wa lazima, MOT, ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka 10. Leo, kwa kawaida, gari lililofikisha miaka mitatu hupimwa kila mwaka. Kwa dizeli, mkaguzi huingiza kipimo kwenye bomba la moshi, hukanyaga mafuta mpaka injini ifike mwisho wa mzunguko wake, na mwale wa mwanga hupima uzito wa moshi. Kwa gari la zamani lisilo na tabo kiwango ni 2.5, lenye tabo 3.0, yaliyosajiliwa kuanzia Julai 2008 hubanwa kwa 1.5 au chini. Kwa maneno mengine, sheria inakubali kwamba injini ya zamani itatoa moshi zaidi, na inaipa nafasi. 1HZ yenye nozeli nzima, filta safi na kompresheni nzuri haina shida na 2.5. Inayofeli ni ile iliyoachwa.

Kipimo hicho pia hutaka injini iwe ya moto, oili ikiwa nyuzi 80 hivi. Dereva aliyekaa kwenye foleni saa mbili, injini imezimwa, kisha akaingia kupimwa moja kwa moja, anajiharibia mwenyewe. Heri azunguke nusu saa kwa mwendo wa kutosha kabla ya zamu yake, masizi yaliyokaa kwenye bomba yatoke barabarani.

Wapo wanaotumia njia ya mkato. Nyuma ya pampu kuna skrubu inayoamua kiasi cha mafuta gari linapokanyagwa hadi mwisho. Fundi huizungusha robo mzunguko kupunguza mafuta, moshi hupotea, gari hupita. Kesho yake lina mzigo kwenye mlima wa Kitonga, halina nguvu, na skrubu huzungushwa tena kuyaongeza, safari hii kwa kukisia. Kiwandani pampu hufungwa lakiri. Ikishavunjwa, mahali pa kuirekebishia ni kwenye mashine ya kupimia pampu. Kuna hali moja ambapo marekebisho ni ya haki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Gari lililopimwa vizuri pwani likihamia huko litatoa moshi mweusi bila kuwa bovu, na fundi wa pampu anaweza kulipunguzia mafuta kidogo.

Kukanyaga mafuta hadi mwisho kuna hatari nyingine, na ndipo mkanda wa taimingi unapoingia. TD27 haina mkanda huo, ina gia. Lakini 1HZ na injini za L zinao, na ukikatika pistoni hukutana na valvu. Toyota iliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari. Taa hiyo inategemea kilomita za kweli. Gari lililochezewa kilomita kabla ya kuuzwa limepoteza kumbukumbu hiyo, na hali kadhalika lile ambalo fundi wake aliizima taa bila kugusa mkanda.

Hata hivyo, anayedhani moshi ndio utakaomwangusha atashangaa. Mkaguzi akiingia kwenye shimo chini ya gari, dizeli na petroli ni kitu kimoja. Anatikisa tairodi na boljoinyi, anaangalia bushi zilizopasuka, shokapu zinazovuja, bomba za breki zilizoliwa na kutu. Kwenye mashine ya rola anataka breki ya kushoto ishike sawa na ya kulia, na breki ya mkono, ambayo wengi hawaigusi kwa sababu gari huegeshwa kwa gia, ishike kweli. Magari ya pwani yana ugonjwa wao: chumvi. Pikapu inayobeba samaki Bagamoyo au Malindi hupukutika chasisi kutoka ndani, ambako rangi mpya haifiki, na nyundo ndogo ya mkaguzi huligundua hilo mara moja. Kuosha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki kunasaidia kuliko kupaka rangi kila mwaka.

Taa nazo huangusha wengi. Gari lililotengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, humulika upande wa kulia. Likihamia Tanzania au Kenya linampofusha anayekuja, hata kama balbu zake ni mpya.

Mwenye gari akikataliwa, asiridhike na neno la mdomo kwamba "gari bovu". Aombe orodha ya kasoro iliyoandikwa, aipeleke gereji kama ilivyo, na akague mwenyewe kila kilichoandikwa kabla ya kurudi. Orodha hiyo aitunze pamoja na risiti za oili, filta na nozeli. Mnunuzi wa baadaye ataizingatia kuliko stika ya kiooni. Na kama amenunua dizeli ya mkononi na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, aubadilishe kwanza, halafu ndipo aende kupanga foleni ya ukaguzi.